Ukipanda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kufunga na kuomba peke yako

Usifunge maji. Chakula mwili utavumilia, lakini upepo ule unaozungusha mitambo ya umeme kule juu hukukausha midomo hata siku ya mawingu. Vilele vinakaribia mita 2,460, na joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukikesha, shuka la Kimaasai peke yake halitoshi. Beba sweta la sufu, kofia, na nailoni nzito ya kutandika chini, maana baridi ya ardhi ndiyo inayommaliza mtu.

Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata makaa yakibaki mekundu tu bila moshi. Ile gesi yake ya sumu haina harufu, na aliyefunga akiumwa kichwa atadhani ni njaa.

Askari wa msitu pale langoni wajue uko juu. Nyumbani mwachie mtu saa ya kurudi, mkubaliane atafanya nini ikipita. Simu izime, uiweke ndani ya nguo. Baridi hula chaji. Mwenye kisukari au mimba aende tu, ila aombe huku anakula.