Umetoka kutazama filamu: namna ya kuandika maoni yatakayomfaa msomaji

Maoni ya filamu, hata yakiwa mistari mitano tu, yana kazi moja: mtu ambaye hajaitazama ayasome kisha aamue kama ataitolea saa mbili zake. Hahitaji kusimuliwa kisa kizima, wala hahitaji kujua kwamba wewe ni mjuzi. Anachotaka ni kujua uliona nini, kilikufanya uhisi nini, na uliitazama katika hali gani. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloharibu maoni mengi kabla hata hayajaandikwa, kwa hiyo tuanze nalo.

Usiilaumu filamu kwa makosa ya skrini

Filamu nyingi hupigwa na kuonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo uliowashwa tayari. Televisheni inabuni fremu za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga, na filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa inageuka kuonekana kama tamthilia ya studioni. Mtazamaji anaandika "picha zake ni za kawaida sana", kumbe kosa liko kwenye menyu ya televisheni yake. Kwenye LG mpangilio huo huitwa TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow, na kwenye Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity, kutegemea umri wa televisheni. Uzime. Kama televisheni ina Filmmaker Mode, ichague: huo huzima mapambo hayo kwa mkupuo na kuiacha picha karibu na ilivyotoka mikononi mwa watengenezaji. Jambo hili liliwakera wenye kazi kiasi kwamba mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video kuwaomba watu wauzime. Zipo filamu chache zilizokusudiwa kuwa laini tangu mwanzo, kama The Hobbit ya kwanza ya 2012 iliyopigwa kwa fremu 48; hapo ulaini ni uamuzi wa mwongozaji, na una haki ya kuupenda au kuuchukia.

Malalamiko ya "mazungumzo hayasikiki" nayo yachunguze kwanza. Sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, huweka maneno ya waigizaji hasa kwenye spika ya katikati. Ukiwa na spika mbili tu za televisheni, na kifaa chako kinaendelea kutoa 5.1, maneno yanaweza kumezwa na muziki. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua stereo, rudia tukio lilelile. Maneno yakijitokeza, tatizo lilikuwa lako. Yasipojitokeza, sasa unaweza kuandika kwamba sauti imechanganywa vibaya, na utakuwa na msimamo.

Giza ndilo gumu zaidi. Picha ya jumba la sinema inaruhusiwa kufika megabiti 250 kwa sekunde. Netflix, kwa mfano, hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa picha ya 4K, iliyo kali zaidi, na 5 kwa 1080p, iliyo chini yake. Ili picha ipite kwenye njia nyembamba hivyo, data nyingi inatupwa, na sehemu za giza huumia kwanza. Simamisha picha palipo na moshi, ukungu au anga la usiku. Ukiona rangi inashuka kwa ngazi ngazi, au vipande vya mraba vinatikisika kwenye kivuli, huo ni ubanaji wa data. Mpiga picha hana hatia hapo. Lakini kama kivuli ni safi na bado huoni nani anampiga nani, basi taa zilipangwa vibaya, na hilo lina haki ya kuandikwa.

Mistari myeusi juu na chini siyo kasoro. Filamu ya uwiano wa 2.39:1 (upana kwa kimo) ikionyeshwa kwenye televisheni ya kawaida ya 16:9 huchukua takriban robo tatu ya kimo cha kioo. Usiivute ijae, ukiivuta unakata kingo, halafu unashangaa kwa nini wahusika wamebanwa pembeni.

Jumbani nako kuna mitego. Kiti kizuri ni cha katikati, theluthi mbili kutoka mbele, kwa sababu sauti ya ukumbi hupimwa kutokea eneo hilo. Ukikaa pembeni kabisa utasikia spika moja ya ukutani kuliko zote na utaandika kwamba muziki unapiga kelele. Onyesho la 3D mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo usiseme rangi zimefifia bila kutaja kwamba uliitazama kwa miwani. Nyumbani, kaa umbali wa kati ya mara 1.2 na 1.6 ya ulalo wa skrini, yaani kona hadi kona. Kwa televisheni ya inchi 55 hiyo ni kama mita 1.7 hadi 2.2. Wengi hukaa mbali zaidi ya hapo, kisha wanasema uso wa mwigizaji haukueleza kitu.

Kama uliitazama kwenye simu, sema. Sentensi moja inatosha, na haikupunguzii heshima.

Wakati wa kutazama na dakika kumi baada yake

Ukumbini usiandike chochote; mwanga wa simu unawaharibia wengine na unakutoa wewe mwenyewe ndani ya kisa. Beba vitu vitatu kichwani: picha moja iliyokaa, mahali ulipotaka kuangalia saa, na mahali ulipoacha kumwamini mhusika. Nyumbani unaweza kuandika dakika tu, kwa mfano "0:47, mlango", bila maelezo. Ukisimamisha filamu kila mara ili uandike, au kwenda kupokea simu, umevunja mwendo wake, na baadaye utailaumu kwamba inajikokota. Ukilazimika kuikata siku mbili, litaje hilo pia.

Ikiisha, acha majina ya watengenezaji yapite. Majukwaa ya mtandaoni huyapunguza kuwa kijisanduku na kukurushia kitu kingine. Bonyeza kijisanduku kirudi. Hapo ndipo utajua nani aliandika muswada, nani alihariri, nani alipiga picha. Bila hivyo kila sifa na kila lawama inamwangukia mwongozaji, hata maneno mabovu ambayo aliyakuta yameshaandikwa.

Kisha, kabla hujafungua maoni ya mtu yeyote, andika mistari mitatu mibichi. Maneno ya wengine yana nguvu: ukishasoma kwamba filamu "inajirudia", hutaweza tena kujua kama wewe mwenyewe ulihisi hivyo. Mistari hiyo haichapishwi. Ni kumbukumbu yako.

Kutafuta chanzo cha hisia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hisia yako haikosei: kama ulichoka, ulichoka. Unachoweza kukosea ni sababu.

Chukua neno "inachosha". Mara chache urefu ndio tatizo. Watu hukaa kwenye filamu ya saa tatu bila kujitikisa na kupiga miayo kwenye ya dakika 90. Rudi pale ulipotaka kuangalia saa, ujiulize: mhusika anataka nini katika tukio hili? Kama hujui, tatizo ni la muswada. Kama unajua, lakini tukio linakwambia jambo uliloambiwa dakika kumi zilizopita, ni marudio, na mhariri angeweza kulitoa. Kama tukio ni jipya na lina shabaha, ila kila picha inakaa muda mrefu baada ya wewe kuielewa, huo ni mwendo uliochaguliwa na mwongozaji, na wapo watazamaji wanaoupenda hasa huo. Ni magonjwa matatu tofauti, na msomaji atafanya uamuzi tofauti kwa kila moja. Anayependa filamu za taratibu atakwenda kwa furaha kwenye la tatu, na atakukasirikia ukiyaita yote "inachosha".

"Uigizaji mbovu" nao huchanganywa na maneno mabovu. Tafuta tukio ambalo mwigizaji hasemi, anasikiliza tu. Macho yake yanabadilika anaposikia habari, au anasubiri zamu yake? Kama anasikiliza vizuri lakini akifungua mdomo inakuwa kama hotuba, aliyekosea ni mwandishi. Na kama filamu imeingizwa sauti za lugha nyingine, sauti unayoilaumu si ya mwigizaji huyo kabisa. Badilisha irudi kwenye lugha yake ya asili, washa manukuu, tazama tena dakika tano.

"Mwisho mbaya" una maana mbili zinazogombana. Kuna mwisho usiopendeza, ambao unaumiza lakini umeandaliwa, na kuna mwisho usiostahili, ambao umeletwa na kitu kisichokuwepo kabla. Jipime hivi: je, ungeweza kurudi nusu ya kwanza ukaonyesha mahali mbegu ilipopandwa? Ikiwepo, andika kwamba hukuupenda. Isipokuwepo, andika kwamba haukuandaliwa.

Kuwa mwangalifu na ufundi usiouona vizuri. Filamu iitwayo 1917, iliyotoka mwaka 2019, inaonekana kama imepigwa kwa mkupuo mmoja au miwili, na ni rahisi kuisifu kwa "kutohaririwa". Ilihaririwa na Lee Smith. Imeundwa kwa vipande vingi na maungio yamefichwa. Sifa iliyo sahihi ni kwamba huoni maungio.

Kuandika aya yenyewe

Maneno 70 hadi 150 yanatosha. Aya mbovu hufanana na hii:

"Filamu nzuri sana, waigizaji wamejitahidi na picha ni kali, ila mwisho umeniangusha. Siyo ya kukosa."

Ihamishe kwenye filamu nyingine yoyote: inakaa bila kubadilisha neno. Hicho ndicho kipimo. Sentensi inayoweza kubandikwa popote, ifute. Sasa filamu hiyohiyo, tuseme ni kisa cha baba na binti yake, ikiandikwa na mtu aliyeitazama kweli:

"Saa ya kwanza imenishika. Baba hamwambii binti kwamba nyumba imeshauzwa. Anaendelea kupaka rangi dirisha ambalo si lake tena, na kamera inabaki mkononi mwake hadi brashi inakauka. Kisha kinaingia kisa cha polisi ambacho hakikuandaliwa popote, na binti tuliyemfuata muda wote huo anakaa karibu dakika 20 bila neno. Nimeitazama kwenye simu, kwa hiyo picha za usiku sizisemei. Kama unapenda visa vya familia vinavyokwenda taratibu, itafute kwa ajili ya hiyo saa ya kwanza."

Kuna kitu kilichoonekana (brashi), athari yake, kasoro iliyotajwa mahali pake, hali ya kutazama, na aina ya mtazamaji atakayefaidika. Hakuna neno "nzuri" hata moja, na bado unajua mwandishi amesimama wapi. Brashi ndiyo inayobeba aya nzima. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu katika maoni yako, rekebisha hicho: badala ya sifa, weka kitu kilichoonekana kwenye kioo.

Ipime filamu kwa shabaha yake. Ya kutisha ipimwe kwa hofu, ya vichekesho kwa kicheko. Kuilaumu ya kutisha kwamba haikufundisha kitu ni kuidai deni ambalo haikukopa. Trela nalo si ahadi ya mwongozaji, kwani mara nyingi hutengenezwa na watu wa matangazo. Kama lilikudanganya, lilaumu lenyewe.

Kuhusu kufichua: simulia kwa uhuru yaliyomo katika robo ya kwanza, yaliyobaki yaguse kwa mbali. Kosa linalofanywa na watu wema kabisa ni kuandika "kuna mshangao mkubwa mwishoni, sitausema". Umeshausema. Msomaji atakaa filamu nzima anautafuta, na ataunusa mapema. Ukihitaji kujadili mwisho, weka onyo kwenye mstari wake peke yake, kisha acha nafasi kabla ya kuendelea. Kwa filamu za mtandaoni uwe mkali zaidi, kwa sababu watu huzifikia kwa wakati tofauti, wengine baada ya miezi.

Alama

Toa alama baada ya kuandika, kamwe si kabla, la sivyo maneno yataanza kuitetea namba. Kwanza amua katikati ya kipimo chako ina maana gani. Kama 5 kati ya 10 kwako ni "imepita, sijuti", basi 7 ni sifa ya kweli na usiitoe kwa huruma.

Usiilinganishe namba yako na asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, bila kujua inavyohesabiwa. Ile si wastani wa alama. Ni sehemu ya wahakiki walioipenda filamu kuliko kutoipenda. Wahakiki wote wakiipa 6 kati ya 10 kwa moyo wa "inafaa", inaweza kutoka na 100%. Filamu nyingine ikiabudiwa na saba kati ya kumi na kuchukiwa na watatu itapata 70%, na huenda ndiyo itakayokukaa rohoni miaka mingi. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hutumia wastani wenye uzito, yaani baadhi ya wahakiki huhesabiwa zaidi ya wengine, kwa hiyo namba zake huwa karibu zaidi na katikati.

Ukiitazama tena baadaye ukaona uliikosea, usifute ya kwanza. Ongeza mstari chini yake wenye tarehe, useme ni nini kilichobadilika: skrini kubwa zaidi, sauti ya asili badala ya ya kuingizwa, au tukio fulani ulilolielewa sasa.