SOMO: Hita ya gari la kulala kwa wanaopanda Njombe, Makete na Kitulo mwezi wa sita na wa saba

Wadau habari zenu. Ukikaa Dar ukamwambia mtu unatafuta hita ya gari anakushangaa, maana huku feni haizimwi. Ila siku hizi wengi tumegeuza Hiace na Coaster kuwa magari ya kulala, watoto wakifunga shule tunapanda kusini, na Kitulo kule kwenye kama mita 2,600 usiku wa mwezi wa saba barafu inalala kwenye majani, na bodi la gari ni bati tu.

Naanza na kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Safari yetu ya kwanza Makete tulichemsha chai nje kwa jiko la mkaa, baridi ikazidi tukaliingiza ndani tukafunga vioo. Makaa mekundu kabisa, moshi hakuna, tukaona iko poa. Saa nane usiku mwanangu akaanza kutapika, mama watoto anasema kichwa kinapasuka, mi nataka kufungua mlango miguu haina nguvu. Ile ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yani unalala usingizi mtamu na ndo basi. Mtoto asingetapika nisingekuwa naandika hapa. Jiko la mkaa lisiingie kwenye gari, hata kama limebaki majivu ya moto, hata dakika tano.

Hatua ya 1: moto upumue nje. Hita ya dizeli au ya gesi, chukua ile inayovuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, ndani inaingia hewa ya moto tu. Zile za kufunga juu ya mtungi mdogo usilale nazo, na tena zinaleta unyevu, kilo 1 ya gesi ikiungua inatoa mvuke wa zaidi ya lita moja na nusu za maji, asubuhi vioo vinatiririka godoro linanuka.

Hatua ya 2: mafuta gani. Kwa mazingira yetu mi nasema dizeli, kila sheli ipo. Hita ya kilowati 2 ukiiweka kwenye moto mdogo inakula kama lita 0.1 kwa saa, kwa iyo usiku mzima ni lita moja hivi. Webasto na Eberspächer ni za Mjerumani, bei imesimama, za Mchina ni nafuu ila kagua bomba na viungio vyake kwa makini. Za gesi kama Truma Wazungu wanazipenda kwenye theluji, ila wanatumia propani ambayo inageuka hewa mpaka nyuzi -42. Butani inagoma karibu na sifuri, na mitungi yetu ina mchanganyiko, so Kitulo presha inaweza kushuka.

Hatua ya 3: umeme. Hita ya umeme ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 125 na zaidi, betri ya ampea-saa 100 haimalizi saa. Labda upaki penye soketi. Ya dizeli inataka kama ampea 10 wakati wa kuwaka, ikishika inashuka mpaka moja au mbili.

Hatua ya 4: ukubwa. Noah na Hiace kilowati 2, Coaster 4 au 5. Kubwa kupita kiasi inawaka chini chini muda wote inajaa masizi. Na ziba vioo kwanza, joto linatokea hapo.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu si niache tu injini inaunguruma nilale na hita ya gari?
Jibu: Hapana kaka. Moshi wa eksozi unarudi ndani kwa chini, hasa ukipaki karibu na ukuta au majani marefu. Ni sumu ile ile.

Dada wa Kigamboni: Yangu ya dizeli niliijaribu hapa ikawa safi, kufika Njombe inatoa moshi mweusi.
Jibu: Pole dada. Huko juu hewa ni nyepesi na pampu inaleta dizeli ile ile, kwa iyo haiungui yote. Fundi apunguze pampu, nyingine zina mpangilio wa mwinuko kwenye rimoti. Kabla ya kuzima iache iwake kwa nguvu kama nusu saa ichome masizi.

Mdau: Gari yangu petroli.
Jibu: Zipo hita za petroli, au weka kitanki kidogo cha dizeli pembeni. Petroli usitie kwenye hita ya dizeli kabisa.

Mdau wa Mbezi: Alamu ya kuonya kukiwa na sumu au gesi inakaa wapi?
Jibu: Ya kaboni monoksaidi usawa wa kichwa ukiwa umelala, ya gesi ya mtungi chini karibu na sakafu maana hiyo gesi ni nzito kuliko hewa. Ni mbili tofauti, usinunue moja ukadhani inafanya zote. Na bonyeza kitufe cha kuijaribu kabla hujatoka nyumbani, betri mpya mkononi.