Sailensa ya gari la porini huchaguliwa ukiwa umelala chini ya gari

Wengi huchagua sailensa kwa sikio. Mtu anasimama nyuma ya gari la mwenzake, mwenzake anapiga resi, mngurumo unamkolea, na hapo hapo keshaamua. Mimi yangu ya kwanza niliipata hivyo. Ilikuwa nene, ya duara, na safari ya pili tu ilirudi imebonyea tumboni kwa sababu ilining'inia chini kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Tangu siku hiyo futikamba hutangulia, sikio linafuata.

Subiri gari lipoe kabisa, liweke mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha tandika katoni ulale. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pima nafasi iliyopo kati ya chesisi na shafti, kati ya bomba na tanki la mafuta, na urefu kutoka mwisho wa katalisti, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, hadi karibu na ekseli ya nyuma. Angalia pia mipira ya breki na mabomba ya mafuta yanapopita, maana joto la sailensa litayaumiza yakiwa karibu.

Vipimo hivyo bado havitoshi, kwa kuwa gari likiwa limesimama tambarare linaficha mengi. Mimi hukata boksi la katoni lenye ukubwa wa sailensa ninayoitaka, nalifunga kwa waya pale itakapokaa, halafu napandisha gurudumu moja la nyuma juu ya jiwe, polepole. Mara ya mwisho boksi langu lilikuwa na urefu wa sentimita 50, upana 25 na kimo 15. Niliposhuka kuchungulia, kona moja ilikuwa imechanika na pembeni pana alama nyeusi ya grisi ya ekseli. Nikalikata hadi kimo cha 11, nikapanda jiwe lile lile, likatoka zima. Nikanunua sailensa bapa yenye kimo cha sentimita 10, na hadi leo haijaguswa. Rudia jaribio hilo gari likiwa na mzigo wa safari, kwa sababu springi zikilala nafasi nayo hupungua.

Ndani ya sailensa ndiko kwenye tofauti kubwa. Ipo ya vyumba, ambayo moshi hugonga kuta na kugeuka geuka hadi kelele ipungue. Ipo pia ya kupita moja kwa moja: bomba lenye matundu, limezungushiwa nyuzi za kioo zinazomeza sauti. Hii ya pili hupitisha moshi kwa wepesi zaidi, lakini nyuzi zake huungua taratibu, na maji yakiingia huloa na kukaa na unyevu. Ya vyumba haina cha kuungua, ila mtikisiko wa mawe ukipasua kuta zake utasikia mlio wa bati ndani. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), mimi napendelea ya kupita moja kwa moja yenye mwili mrefu. Urefu hutuliza sauti bila kula nafasi ya chini, na nafasi ya chini ndiyo tunayoihitaji porini. Kwenye dizeli yenye turbo, turbo yenyewe imeshapunguza sehemu ya kelele, hivyo sailensa nyepesi inatosha.

Usiongeze upana wa bomba kwa pupa. Kutoka inchi 2 hadi inchi 2.5 inaonekana ni kidogo, kumbe nafasi ya kupita moshi inaongezeka kwa asilimia 56. Moshi ukipata uwazi mkubwa kuliko unaohitaji, kasi yake hushuka, na injini hupoteza nguvu kwenye mizunguko ya chini. Hiyo ndiyo nguvu unayoitegemea unapotambaa juu ya mawe.

Sasa sikio. Usikilize ukiwa umeketi ndani, madirisha yamefungwa, gari likienda mwendo wako wa kawaida wa safari, kwa dakika 20 angalau. Kinachochosha ni ule mvumo mzito unaokaa mahali pamoja. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hulipua mafuta mara 80 kila sekunde, na mvumo wa kiwango hicho ukikutana na uwazi wa ndani ya gari, kichwa kinauma kabla hujafika. Ukiweza, omba kupanda gari la aina yako ambalo limeshafungwa sailensa hiyo. Kama eneo unalokwenda lina kikomo cha kelele, fahamu kwamba kipimo cha gari lililosimama huchukuliwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45.

Kuhusu chuma, kutu ya sailensa huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na safari fupi haziipi sailensa joto la kuyakausha. Tafuta yenye tundu dogo la kutolea maji upande wa chini. Chuma cha pua cha daraja la 304 hustahimili kuliko cha 409, ambacho hushika kutu ya juu juu. Nenda na sumaku: 409 huinasa, 304 kwa kawaida haiinasi. Ila sumaku haimalizi kesi, kwani kuna chuma cha pua cha bei rahisi ambacho nacho hakinaswi.

Ukipita kwenye nyasi kavu, chukua yenye kizuia cheche, na uhakikishe kinafunguka ili usafishe masizi. Katalisti iache mahali pake. Mdomo wa bomba lazima utokeze nje ya bodi, usiishie chini ya sakafu: kaboni monoksaidi haina harufu, na hupenya kwenye kila ufa wa mlango wa nyuma.

Wakati wa kufunga, chagua klempu pana za mkanda badala ya zile za boliti ya umbo la U, ambazo huminya bomba hadi siku ya kulitoa ukatafute msumeno. Ining'inize kwa mipira, isishikwe kikavu, maana injini hucheza na bomba hucheza nayo. Itikise kwa mkono pande zote, isiguse kitu. Baada ya kilomita 100 za kwanza rudi chini na spana yako, ukaze nati zote upya, kisha tafuta masizi meusi kwenye maungio. Palipo na masizi pana uvujaji.