Kichwa cha mahindi cha mistari 4 au 6? Hesabu gunia kwanza

Wakuu, kila msimu wa mavuno ukikaribia swali ni lilelile, mtu ana kombaini yake kubwa ya tairi anavunia mpunga Mbarali, sasa anataka afunge kichwa cha mahindi (kile kifaa cha mbele kinachovuna mistari kadhaa kwa mpigo), achukue cha mistari 4 au 6? Wengi wanakimbilia 6 coz kinaonekana cha maana. Mi nasema mistari iache kwanza, anza na gunia.

Jua mashine yako inapukuchua gunia ngapi kwa saa. Namba ya kitabuni achana nayo, hiyo ni ya mashine mpya shamba tambarare. Ingia kwenye mahindi mazuri na tangi tupu, washa saa ya simu, ongeza spidi mpaka injini ianze kulalamika halafu punguza kidogo, endelea hivyo hadi tangi lijae. Likijaa gunia 25 kwa dakika 15 basi una mashine ya gunia 100 kwa saa (gunia la kilo 100, lumbesa hapana). Na hilo jaribio lifanyie huku huku, maana Mbeya mjini tu ni kama mita 1,700 juu ya bahari, injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu, ndo maana mashine iliyotamba Morogoro ikipanda Mbozi inaanza kukohoa.

Sasa hesabu. Mistari ya sentimita 75, kichwa cha 4 kinakata upana wa mita 3, cha 6 mita 4 na nusu. Spidi ya kilomita 5 kwa saa, cha 4 kinapita kama heka (ekari) 3.7 kwa saa, cha 6 heka 5.6. Zidisha kwa mavuno yako. Shamba la Ismani mvua zimegoma, gunia 12 kwa heka, kichwa cha 6 kinaleta gunia 67 tu kwa saa, mashine yetu ya 100 inapumua vizuri. Peleka hichohicho kwenye shamba la gunia 30 kwa heka, ni 167, hapo utalazimika kutambaa kilomita 3 kwa saa, minyororo ya kichwa inakimbia kuliko mashine, inavuta mabua hovyo na mahindi yanaruka nje. Kichwa cha 4 shamba hilohilo unaenda kilomita 4 na nusu, mashine imeshiba na haijavimbiwa. Mi niliingia mkenge huo, nilikodi cha 6 nikashinda siku nzima nazibua mabua.

Kidogo sana nayo ni shida, mashine ikiwa na njaa punje zinapasuka, maana mahindi hupukuchuka vizuri yakisuguana yenyewe kwa yenyewe.

Utajuaje umepatia? Simamisha katikati ya mstari, rudi nyuma mita chache, shuka. Punje zilizolala pale palipokuwa kati ya kichwa na tairi za mbele kabla hujarudi nyuma zimemwagwa na kichwa, zilizozidi kule nyuma zimetemwa na mashine. Ukihesabu punje 20 kwenye mita moja ya mraba umeacha kama robo gunia kwa kila heka, na hapo bado mahindi mazima yaliyodondoka.

Kabla hujatoa hela pima mistari ya wateja wako kwa futi, wa planta (mashine ya kupandia) ni sentimita 75, wa kamba na jembe la ng'ombe anaweza kuwa 90 au ovyo tu, na kichwa cha 75 kikiingia kwenye 90 kinalaza mahindi chini. Halafu uzito. Cha 6 kinaweza kufika tani 2, hydroliki ikikinyanyua tairi za nyuma zinakuwa nyepesi na usukani haushiki, kwenye miteremko ya kwetu huku funga uzito nyuma au baki na cha 4.