SOMO: Jiko la kupigia kambi, kuanzia Ushongo mpaka Lushoto

Wakuu salaam. Nipo Tanga, na kila nikiona vijana wanaingiza jiko ndani ya hema kisa mvua au baridi roho inaniuma, kwahiyo leo nashusha somo lote, someni taratibu.

1. Anza na unakoenda. Chukua mwezi wa 7, Ushongo pale Pangani adui yako ni upepo wa kusi, Lushoto ni baridi. Yale makopo marefu ya gesi mengi ni butani, na butani inakata kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0. Sasa Lushoto haifiki huko ila kopo lenyewe linapoa kadiri unavyopika, afu presha inashuka na moto unasinyaa chai haijachemka. Ukienda milimani tafuta kopo lililochanganywa na propani (gesi inayovumilia baridi), imeandikwa ubavuni.

2. Chagua jiko. Watu wawili watatu, lile bapa la kopo linalouzwa na boksi lake la plastiki linatosha kabisa. Kundi kubwa lenye gari, mtungi wa kilo 6 wenye bana (kichwa cha kuwashia moto) juu, na mtungi usimame wima safari nzima, usilazwe kwenye buti. La mafuta ya taa linanukia chakula mimi silipendi, ila baridi hailiwezi.

3. Kufunga kopo, hapa ndo watu wanaumia. Fanya nje, hakuna sigara wala moto karibu, swichi ya jiko iwe imezimwa. Angalia shingo ya kopo utaona kuna mahali pamekatwa kidogo, pale palipokatwa pakae JUU, maana ndani kuna kamrija kamekunjwa kuelekea huko kanyonye mvuke, ukigeuza kopo inatoka gesi ikiwa bado majimaji na moto unaruka hadi usoni. Shusha lever (kile kishikizo cha kubana kopo), tega sikio, ukisikia ssss toa. Bado una wasiwasi? paka povu la sabuni kwenye maungio, likifanya mapovu gesi inavuja. Usijaribu na kiberiti jamani!

4. Sufuria isizidi jiko. Sufuria la pilau likifunika upande wa kopo joto linarudi chini na kopo linaweza kupasuka. Upepo ukinge upande mmoja tu, ukizungushia mabati pande zote ni yaleyale.

5. Usipikie ndani ya hema, wala usilale na jiko la mkaa eti limebaki majivu. Kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kizito na usingizi, unadhani ni uchovu wa safari.

MASWALI

Swali: Mkuu, mvua ikinyesha tufanyeje, tulale njaa?
Jibu: Funga turubai juu kwenye miti, pande ziwe wazi, pika hapo. Mimi huwa nabeba na mkate na karanga, mvua ya Usambara haina ratiba.

Swali: Kaka kuna fundi anajaza makopo kwa gesi ya mtungi, bei chee, vipi?
Jibu: Hapana dada yangu. Gesi ya mtungi kwa kawaida ina propani ndani yake, presha yake ni kubwa kuliko kopo la butani lilivyotengenezwa kubeba. Nunua jipya.

Swali: Nimesikia harufu ya gesi nikiwa tayari nimeshawasha.
Jibu: Zima, chomoa kopo kama unalifikia bila hatari, sogeza watu upande upepo unakotokea. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa mabondeni, kwahiyo usiwashe tena palepale hata harufu ikipungua.

Swali: Kopo likiisha tulitupe kwenye moto wa kambi?
Jibu: Usithubutu, linabaki na gesi kidogo na litalipuka. Rudi nalo mjini.