Kutibu magonjwa ya kawaida ya ngozi kwa watoto na vijana: ya kufanya kabla ya kununua krimu

Katika maduka mengi ya dawa ya Dodoma, mzazi anayeomba "krimu ya ngozi" bila kueleza zaidi huenda akapewa tubu moja iliyochanganywa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na stiroidi. Muuzaji hana nia mbaya, kwani hajamwona mtoto na anataka kumpa kitu kitakachofaa kwa lolote. Stiroidi hutuliza muwasho ndani ya siku mbili tatu, mzazi akaridhika, lakini kama tatizo lilikuwa fangasi, huendelea kusambaa chini kwa chini na mviringo wake hupoteza umbo, kiasi kwamba hata mganga mzoefu hupata shida kuutambua baadaye. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kutazama, na dawa inafuata.

Mtoe mtoto nje kwenye mwanga wa mchana, umvue nguo na kumkagua mwili mzima, si pale anapokuna tu. Jiulize kama muwasho humzidi usiku, kama kuna mwingine nyumbani au bwenini anayejikuna, na kama doa lina ukingo uliovimba huku katikati pamepoa. Angalia pia kama kuna usaha, na kumbuka ni kitu gani kipya kilichopakwa au kumezwa siku za karibuni. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu, kwa sababu uvimbe wa ngozi huonekana kama weusi uliokolea, rangi ya kijivu au zambarau, na mara nyingi vidole hugundua ukavu na unene kabla ya macho.

Muwasho unaomnyima mtoto usingizi, pamoja na vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kitovuni, makalioni na sehemu za siri, ni upele hadi itakapothibitika vinginevyo. Husababishwa na utitiri mdogo sana ambao jike lake huchimba ngozi ya juu na kutaga mayai humo. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, muwasho unaweza kuchelewa wiki nne hadi sita, na katika muda huo wote huwa tayari anawaambukiza wenzake. Kwa hiyo baba asiyejikuna hana kinga yoyote. Naye atapakwa dawa, usiku uleule na wengine wote wanaolala chini ya paa lile. Matibabu mengi ya upele hushindwa hapa, wala si kwa sababu dawa imezoeleka.

Dawa inayopatikana kwa urahisi ni benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo wengi huiita BBE. Kwa watoto huzimuliwa kwa maji, na kwa wachanga huzimuliwa zaidi, kwa kipimo atakachokupa mtoa dawa, kwa maana isipozimuliwa huchoma. Mwogeshe mtoto, mkaushe na mwache ngozi ipoe, kisha paka kuanzia shingoni hadi nyayoni bila kuruka hata sehemu moja: chini ya kucha zilizokatwa, katikati ya kila kidole, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya makalio. Vua shanga za kiunoni, bangili na hirizi, au zisogeze upake chini yake, maana huko ndiko utitiri hujificha. Watoto wadogo hupakwa pia kichwani na usoni, mbali na macho na mdomo. Akinawa mikono, paka tena mikono. BBE kwa kawaida hukaa mwilini saa 24, na idadi ya siku za kurudia utaambiwa. Permethrini ya asilimia 5, ambayo ni ghali zaidi lakini haichomi sana, hukaa saa 8 hadi 14 na hurudiwa baada ya wiki moja. Vidonge vya ivermektini havipewi mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15.

Nguo na mashuka yaliyotumika siku tatu zilizopita hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Najua kwamba kwa kaya nyingi za Bahi au Chamwino, kufua kila kitu kwa siku moja ni madumu mengi ya maji ambayo hayapo. Yasiyofulika yafungie ndani ya kiroba kwa wiki moja, kwa kuwa utitiri ukikosa mwili wa binadamu hauvuki siku chache. Muwasho unaweza kuendelea hadi wiki nne baada ya utitiri wote kufa, hivyo usirudie dawa kila siku kwa hofu. Rudi kituoni ikiwa vipele vipya vinaendelea kutokea.

Kujikuna huleta vidonda, na vidonda huleta bakteria. Ukoko wa manjano juu ya vidonda vibichi, hasa kuzunguka pua na mdomo, ni maambukizi yanayopita haraka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kupitia taulo na mikono. Lainisha ukoko kwa maji safi na sabuni, uutoe taratibu, ukaushe, kisha upake dawa utakayoelekezwa kituoni. Vidonda vikiwa vingi, au mtoto akiwa na homa, anahitaji antibiotiki ya kumeza, na dozi humalizwa hata vidonda vikikauka mapema. Wiki chache baadaye mwangalie asubuhi: uso au kope zikivimba, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, figo zimeguswa na hospitali ni siku hiyohiyo.

Mashilingi ya mwilini, yaani yale madoa ya mviringo, na mapunye ya kichwani ni fangasi, lakini hayatibiwi kwa njia moja, na tofauti hii hupuuzwa mno. Ya mwilini hupona kwa klotrimazoli ya asilimia 1 ikipakwa mara mbili kwa siku, kuvuka ukingo wa doa kwa upana wa kidole, kwa wiki mbili hadi nne, na kuendelea walau wiki moja baada ya doa kupotea. Mapunye, yaani mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, yamo ndani ya mzizi wa unywele ambako krimu haifiki. Hapo mtoto hupewa vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, baada ya chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri. Uji wenye maziwa au karanga za kusaga, ambazo mkoani kwetu hazikosekani, unatosha. Uvimbe laini unaouma juu ya mapunye usipasuliwe kama jipu. Mashine ya kinyozi nayo isafishwe kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto, na mzazi asione haya kulidai hilo.

Pumu ya ngozi, yaani ngozi kavu inayowasha na kurudirudi, haiambukizi, na huku katikati ya nchi, kiangazi chenye upepo mkavu cha kati ya Mei na Novemba huizidisha. Kwa wachanga hukaa mashavuni, kwa wakubwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Tiba yake kubwa ni mafuta, na mafuta yenyewe ni ya mgando yasiyo na harufu wala rangi. Mwogeshe kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali ikiishia sehemu zenye uchafu, wala usitie dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni. Mfute kwa kugusagusa, na kabla dakika tatu hazijaisha umpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia mara mbili au tatu kwa siku, hata ngozi inapoonekana nzuri. Inapochachamaa, haidrokotizoni ya asilimia 1 hupakwa sehemu zilizoathirika tu, mara moja au mbili kwa siku kwa takribani wiki moja. Stiroidi kali zaidi ni za maelekezo ya daktari, na usoni zikitumika ovyo hupunguza unene wa ngozi. Vipele vya joto vya mtoto mchanga havihitaji haya yote. Mpunguzie nguo, aoge, apate hewa.

Kijana mwenye chunusi anahitaji subira kuliko vipodozi. Anawe uso mara mbili kwa siku, aache mafuta mazito usoni na kwenye nywele za paji, na jioni apake benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 kidogokidogo, akijua kwamba hubabua rangi ya shuka na kwamba matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane. Asiminye chunusi. Madoa meusi yanayobaki ndiyo huwasukuma wengi kwenye mkorogo, na humo mna stiroidi zinazoleta chunusi mpya, haidrokwinoni na zebaki ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Chunusi kubwa zinazouma na kuacha makovu zipelekwe kwa daktari mapema.

Usisubiri nyumbani ikiwa mchanga wa chini ya miezi miwili ana malengelenge au usaha, ikiwa uvimbe wenye joto unasambaa, ikiwa homa imeambatana na madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, au ikiwa mtoto amepata malengelenge na vidonda vya mdomo au macho baada ya kumeza dawa. Dawa hiyo isimamishwe na aende hospitali mara moja. Baka lililopauka ambalo mtoto hahisi likiguswa kwa pamba, hata kama halimwashi, lichunguzwe kwa ukoma, ambao matibabu yake hutolewa bure. Siku ya kwenda kituoni asipakwe chochote asubuhi, na ubebe kila tubu, chupa na pakiti iliyotumika, zikiwemo zilizokwisha na zile ambazo jirani alikuazima.