Kuziba milango ya replika ya gari la mbio na kuizuia isiachie kwenye mwendo mkali

Replika, yaani nakala ya gari la mbio iliyojengwa upya, ikipita kilomita 120 kwa saa na ukasikia upepo unapiga mluzi karibu na sikio, usikimbilie kununua mpira mnene zaidi. Mpira mnene huusukuma mlango nje, kitasa kinashika nusu, na kinachoonekana kama tatizo la kelele kinageuka kuwa hatari. Mpira kazi yake ni kuzuia hewa na maji. Kuushikilia mlango ni kazi ya fremu, bawaba na kitasa, kwa hiyo tunaanza huko.

Kwanza elewa kinachouvuta mlango. Hewa inayopita pembeni mwa kioo cha mbele huongeza kasi, na shinikizo lake hushuka. Ndani ya gari shinikizo linabaki kubwa, hivyo mlango unasukumwa kutoka ndani, na sehemu inayoachia mapema ni kona ya juu, iliyo mbali na bawaba na kitasa. Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 100 kwenda 200 inakuwa mara nne. Kwenye kilomita 200 kwa saa msukumo wa upepo ni takriban paskali 1,900. Tofauti ya ndani na nje ikiwa nusu tu ya hapo, mlango wa nusu mita ya mraba unavutwa kama umetundikiwa kilo 48. Kwenye replika za Ford GT40, gari la mbio la miaka ya 1960, ndipo utaliona hili vizuri, kwa sababu milango yake imekatwa mpaka ndani ya paa.

Hatua ya 1: Gari likae kwenye matairi yake

Usirekebishe mlango gari likiwa juu ya jeki. Chasisi hujipinda, na mwanya uliousawazisha unabadilika ukishaliteremsha. Weka mzigo wa uzito wa dereva kwenye kiti, kisha pima mwanya kuzunguka mlango mzima.

Hatua ya 2: Kaza mwili wa mlango

Funga mlango, kaa ndani, sukuma kona ya juu ya nyuma kwa kiganja. Ikicheza kwa mkono wako, upepo utaifungua. Milango mingi ya faibaglasi ni ganda tupu. Tengeneza fremu ya bomba jembamba la chuma kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa, na tawi lipande hadi kona hiyo ya juu. Ilaze ndani ya ganda kwa faibaglasi na rezini mlango ukiwa umefungwa mahali pake, la sivyo utaganda ukiwa umepinda.

Hatua ya 3: Bawaba

Fungua mlango, shika ncha yake, inua na ushushe. Mchezo wowote unaousikia uondoe sasa, kwa kubadilisha pini au bushi. Boliti zisishike faibaglasi peke yake. Weka bamba la chuma nyuma yake, kwa sababu faibaglasi husagika taratibu chini ya washa (kipete cha boliti) ndogo.

Hatua ya 4: Kitasa

Hapa usiwe na haraka. Ondoa mpira wote. Tumia kitasa cha kuzunguka chenye ngazi mbili (ya kwanza hushika nusu, ya pili hufunga kikamilifu), kilichotoka kwenye gari la kiwandani au kilichotengenezwa kwa kiwango hicho. Kanuni ya Marekani FMVSS 206 inadai kitasa kilichofunga kikamilifu kihimili nguvu ya niutoni 11,000. Paka wino kwenye pini inayopokea kitasa, funga mlango polepole, na usikilize: mlio wa kwanza, halafu wa pili. Fungua, uangalie wino umefutika wapi. Ukifutika upande wa juu au wa chini tu, kitasa kinaubeba mlango badala ya kuufunga; sogeza pini hadi alama ikae katikati. Mlango ukihitaji kupigwa kishindo ndipo mlio wa pili usikike, bado hujamaliza.

Mlio huo wa pili si jambo dogo. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1968, mlango wa GT40 ya dereva Willy Mairesse ulikuwa haujafungwa sawasawa. Ulifunguka katika mzunguko wa kwanza, kwenye barabara ndefu iliyonyooka ya Mulsanne, na ajali hiyo ikawa mwisho wake katika mbio.

Kebo ya kufungulia iwe na ulegevu kidogo, ili mlango ukijipinda usiivute.

Hatua ya 5: Kitasa cha pili juu

Kwa milango inayoingia kwenye paa, naongeza kitasa kidogo kwenye kona ya juu ya nyuma. Sharti langu ni moja: kishikio kilekile, cha ndani na cha nje, kifungue vyote viwili. Mwokoaji hatajua kwamba kuna komeo lililofichwa.

Hatua ya 6: Sasa mpira

Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea kwenye ukingo, funga mlango, fungua, upime unene uliobaki. Mwanya wa faibaglasi haulingani, na huenda ukalazimika kuujaza au kuusaga kwanza. Chagua mpira wa sponji wa EPDM (aina ya mpira wa kutengenezwa) wenye uwazi katikati, utakaobonyea kama theluthi moja. Safisha ukingo kwa spiriti. Unapobandika usiuvute kwenye kona. Usukume kidogo, maana ukivutwa hunywea na kuacha tundu. Kiungo kiwe chini, na matundu madogo ya kutolea hewa yawepo. Lainisha kwa silikoni; grisi ya kawaida huuvimbisha.

Banisha karatasi mlangoni na uivute, sehemu baada ya sehemu. Popote inapotoka bila kukwaruza, pana upenyo. Kisha sikiliza tena ile milio miwili. Ukiupoteza wa pili, tafuta mpira mwembamba zaidi, usiisogeze pini.

Hatua ya 7: Majaribio

Puliza hewa ndani kwa feni, paka maji ya sabuni nje, tazama povu. Halafu nenda kwenye uwanja uliofungwa, ongeza mwendo kidogo kidogo, na mwenzako aangalie kona ya juu. Mpira ukiwa mzima na kona bado inatoka, toboa njia ya hewa nyuma ya chumba cha dereva ili shinikizo la ndani lipungue.

Chora mstari wa rangi juu ya kila boliti ya bawaba na kitasa, upite hadi kwenye bamba. Baada ya kila safari kali angalia mistari. Uliokatika unaonyesha boliti iliyosogea, na gari halitoki tena mpaka ikazwe.